Mechi Zisizohesabiwa

Tumeshinda kumi na tisa, tumeshindwa tisa,
na hakuna hata moja itakayoingia kitabuni.
Ndivyo ulivyo Machi hapa Arizona:
matokeo hupigiwa makofi, kisha hufutwa
kama chaki mwalimu anapoingia.

Mimi, Ofelia Burruel, nafua jezi za Korongo.
Mwaka wa kumi na saba huu.
Sikai jukwaani. Besiboli naisoma kwenye madoa:
udongo mwekundu kifuani, huyu alijirusha kuwahi kituo cha pili;
nyasi gotini, huyu aliufukuza mpira uliokwisha kumshinda;
suruali nyeupe pe, huyu alishinda benchi
akitafuna mbegu za alizeti, akimwomba kocha kwa macho.

Wenye majina huvaa namba ndogo.
Saba. Kumi na mbili.
Wanaotafuta jina hupewa namba za kipimajoto:
sabini na nane, tisini na sita.

Themanini na tatu alikuwa Yohandry Peguero, kijana wa Baní.
Jezi hakuitupa kikapuni kama wenzake, aliniletea mkononi.
"Doña, hili la kiwiko usilitoe lote."
Nikamwambia mimi nalipwa kwa kutoa.

Tarehe tatu aliupiga mpira ukavuka ukuta,
ukavuka na nyasi za nyuma, wanakotandika mablanketi,
ukatumbukia kwenye sanduku la barafu la mzee mmoja
aliyeikimbia theluji kwao.
Mzee akautia mfukoni, baridi hivyo hivyo,
akacheka mpaka miwani ikamtoka.

Mara thelathini na nne alisimama na gongo;
mpira ulimtii kumi na nne.
Huko kaskazini, watu wangali wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari,
redio zikaanza kuota.
Nyota njema huonekana asubuhi, wakasema.

Jamani, nyota za Machi mimi nazijua.
Kuna mwaka tulishinda ishirini na mbili papa hapa,
tukaenda kumaliza mkiani,
mashabiki wakija uwanjani na mifuko ya karatasi vichwani.
Kuna mwaka tulipigwa kama ngoma,
mpaka wauza soseji wakatuonea huruma,
na Oktoba ilipoingia bado tulikuwa tunacheza.
Alfajiri ya jangwani ina nyota tele.
Usiniulize ipi njema.

Kituo cha kwanza ni cha Curtis Haldane, namba tisa.
Miaka thelathini na sita. Goti lake nalijua
kwa harufu ya dawa ya kuchua, haitoki hata kwa maji ya moto.
Mara thelathini na moja kashika gongo, kapata nne.
Ila mkataba wake umebakiza miaka miwili,
na mkataba haupigi mpira,
lakini haukai benchi.

Tarehe ishirini na tano, kabla jua halijapanda,
msaidizi wa kocha alipita kati ya makabati
akamgusa Peguero begani.
Chumba kizima kikaanza kukagua kamba za viatu.
Haldane peke yake aliinua uso,
akafungua mdomo,
akaufunga.

Alikuja kwangu na jezi mkononi.
Mashine zilikuwa zinazunguka, ikabidi tupige kelele.
"Jana tulishindaje?"
"Saba kwa mbili!"
Akatikisa kichwa kama mtu aliyelipwa deni,
akaenda kuliwahi basi la saa nne, la timu ndogo.

Jumapili malori yamepakia, uwanja umebaki na ndege wake.
Langoni ubao bado unasema kumi na tisa kwa tisa;
mwenye ngazi kaondoka na ngazi.

Themanini na tatu nimeikunja juu ya rafu.
Machi ijayo itamkaa mtoto mwingine.
Kwenye kiwiko cha kushoto pana wekundu,
mdogo, kama ukucha.
Daftarini nimeandika: doa halitoki.
Bosi hakuuliza ni sabuni gani nilitumia.